Wajibu wa kijamii wa wahandisi wa baharini na ncha za dunia: maana yake

Wajibu wa kijamii wa mhandisi ni deni alilonalo kwa watu wasiomlipa mshahara. Mwajiri humdai kazi iliyo kwenye mkataba. Jamii humdai alinde uhai na riziki ya watu wake. Kwa anayejenga meli, mabomba au majukwaa ya mafuta baharini, Aktiki au Antaktika, deni hilo huwa zito zaidi, kwa kuwa msaada uko mbali, maji ya baridi huua upesi, na mafuta yakishaingia chini ya barafu kuyazoa ni kazi ngumu mno.

Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland, makazi ya wafanyakazi kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, Norway, lilipinduka. Kati ya watu 212 waliokuwemo, 123 walikufa. Uchunguzi uliishia kwenye kitu kidogo: kishikizo cha kifaa cha kunasa sauti chini ya maji, kilichochomelewa kwenye mmoja wa mihimili iliyoshikilia miguu ya jukwaa. Weldingi yake ilikuwa mbovu. Ufa ukaanzia hapo, ukatambaa hadi mhimili ukakatika, mingine ikafuata, na mguu mmoja kati ya mitano ukang'oka. Kishikizo hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa, na nadhani vitu vya aina hiyo ndivyo humpima mhandisi, maana hakuna anayemuuliza habari zake.

Sheria zipo. Kanuni za ncha za dunia za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, zilizoanza kutumika Januari 2017, zinataka meli ijiandae kuwahifadhi watu hai kwa siku zisizopungua 5 kabla ya kuokolewa. Lakini sheria ina mianya yake: marufuku ya mafuta mazito Aktiki ilianza Julai 2024, ila baadhi ya meli zinaweza kuruhusiwa kuendelea kuyatumia mafuta hayo hadi 2029. Anayesanifu meli ya kuyachoma mpaka siku ya mwisho hajavunja kitu. Wajibu unaanzia hapo.

Kuna pia wenyeji, ambao husahaulika sana. Kwa Wainuit, wenyeji wa Aktiki, barafu ya bahari ni njia ya kupita. Meli ya kuvunja barafu ikikatiza, mwindaji aliyevuka asubuhi anaweza kukuta maji wazi kati yake na nyumbani. Kwa hiyo anayepanga njia ya meli anapaswa kuwauliza wanapita wapi, na miezi gani, kabla hajachora ramani.