Kabla hujaamini kwamba simu yako imedukuliwa

Mama mmoja aliniletea simu iliyozimwa, ameiviringisha kwenye kitambaa kana kwamba ina masikio. Ilikuwa simu yake ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Mume waliyeachana alikuwa akijua kila kitu: alikokuwa jana jioni, picha alizopiga na watoto, hata ugonjwa alioutafuta mtandaoni usiku wa manane. Alibadilisha simu, akabadilisha laini, akabadilisha simu tena, na bado yule bwana akawa anamtajia mambo ambayo hakumwambia mtu yeyote. "Yumo humu ndani," aliniambia akinionyesha ile simu, "yumo sasa hivi tunavyoongea."

Nilikaa nayo saa nzima. Haikuwa na programu yoyote ya kijasusi. Nikafungua akaunti yake ya Google, sehemu inayoorodhesha vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, nikakuta viwili. Kimoja ni simu iliyokuwa mbele yetu. Cha pili ni tableti. "Hiyo ni ya watoto," alisema, kisha akanyamaza. Ilibaki kule nyumbani, kwa yule bwana.

Tableti hiyo ilikuwa na akaunti yake, kwa hiyo ilikuwa na barua pepe zake, picha zake zilizohifadhiwa mtandaoni, historia ya mambo anayoyatafuta, na uwezo wa kuonyesha simu yake ilipo. Kila aliponunua simu mpya, jambo la kwanza alilofanya ni kuingiza barua pepe ile ile na nywila ile ile. Alikuwa anahama nyumba huku anahama na mgeni wake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho ninachokutana nacho mara nyingi zaidi katika kazi hii ya kukagua simu. Mtu anadhani simu imevunjwa, kumbe kuna mtu mwenye ufunguo. Na anayetafuta mahali palipovunjwa wakati mlango ulifunguliwa kwa ufunguo atatafuta mpaka achoke.

Dalili ninazoletewa ni zile zile. Simu inapata moto. Chaji inaisha haraka. Bando halikai. Kuna mwangwi wakati wa kuongea, au kioo kinawaka chenyewe usiku. Sizipuuzi, kwa sababu anayenisimulia mara nyingi ana siku kadhaa hajalala vizuri. Lakini betri ya lithiamu huchakaa kwa matumizi ya kawaida, na simu hupata moto inapopandisha picha mtandaoni au inapojisasisha. Mwangwi mara nyingi ni sauti ya spika ya upande mmoja inayoingia tena kwenye maikrofoni. Kioo huwashwa na arifa. Isitoshe, programu ya kijasusi iliyotengenezwa vizuri imetengenezwa isijionyeshe, kwa hiyo hata simu iliyo baridi kabisa haikuthibitishii usalama. Joto si ushahidi wa upande wowote. Bando ni afadhali kidogo, kwa kuwa mipangilio ya simu inaonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Ukikuta jina usilolijua limepandisha data nyingi, hapo una kitu cha kufuatilia.

Kuna na lile la matangazo: umeongelea viatu, kesho yake unaona tangazo la viatu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta zinazorekodi sauti kwa siri. Hawakukuta hata moja inayotuma sauti kwa namna hiyo, ila walikuta baadhi zinazorekodi kinachoonekana kwenye kioo na kukituma nje. Wanaouza matangazo wana ulichotafuta, mahali ulipo, ulichonunua na watu unaokaa nao karibu, na hayo yanawatosha. Ni jambo la kukasirikia, lakini si mtu aliyeingia kwenye simu yako.

Kama hofu yako ni maikrofoni au kamera, angalia pembe ya juu ya kioo. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, iPhone huonyesha nukta ya rangi ya chungwa maikrofoni inapotumika na ya kijani kamera inapotumika. Android ilifuata na alama ya kijani katika toleo la 12, mwaka 2021. Nukta ikiwaka nawe hujafungua chochote, shusha kidirisha cha juu uone ni programu gani.

Sasa twende kwenye milango yenyewe.

Baada ya akaunti kuu, mlango wa pili ni WhatsApp. Akaunti moja huweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yako. Mtu akiishika simu yako ikiwa imefunguliwa, akaskani msimbo wa QR kwenye kompyuta yake, atasoma mazungumzo yako akiwa mbali, na simu yako haitapata moto wala haitamaliza bando. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, na kifaa chochote usichokitambua kiondoe. Hii ni kazi ya nusu dakika na ndiyo ninayoanza nayo kila mtu anaponiambia "kuna mtu anasoma meseji zangu".

Mlango wa tatu ni programu ya kijasusi ya kawaida, ile inayouzwa waziwazi kwa jina la kulinda watoto au kufuatilia wafanyakazi, kisha watu wanaipandikiza kwenye simu za wake zao, waume zao na wachumba zao. Kwenye Android, karibu kila mara anayeiweka anahitaji kuishika simu yako kwa mkono, akijua namba yako ya kuifungua. Inabidi aruhusu programu kutoka nje ya duka rasmi, na mara nyingi inabidi azime Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu. Hapo ndipo huacha nyayo. Fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect. Ukikuta imezimwa nawe hujawahi kuizima, mimi nitaanza kukuamini hata kabla sijaona kitu kingine. Programu yenyewe huenda imejificha kwa jina la kuchosha, kama vile huduma ya mfumo au huduma ya Wi-Fi, na haina alama kwenye kioo cha mwanzo. Itafute kwenye orodha kamili ya programu, kisha angalia zipi zimepewa usimamizi wa kifaa, zipi zinasoma arifa zako, na zipi zimepewa huduma za ufikivu.

Hizo huduma za ufikivu nataka uzielewe vizuri. Zilitengenezwa kwa nia njema kabisa, kumwezesha asiyeona kusomewa kioo, na asiyeweza kutumia vidole kubonyeza kwa njia nyingine. Ili zifanye hivyo, programu lazima iruhusiwe kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Fikiria ruhusa hiyo ikiwa mikononi mwa mwizi. Anasoma namba ya siri ya benki unapoiandika, anasoma msimbo uliotumiwa, anabonyeza "thibitisha", na ukijaribu kuiondoa programu yake anabonyeza "ghairi" kabla yako. Programu ya wizi iitwayo FluBot ilifanya kazi hivyo. Ilisambaa mwaka 2021 na 2022 kwa ujumbe mfupi uliodai kuna kifurushi chako kimefika, ubonyeze kiungo ili ukifuatilie. Aliyebonyeza aliombwa kuweka programu, kisha kuipa ruhusa hiyo hiyo, na simu yake ikaanza kuwatumia watu wa kwenye kitabu chake cha namba ujumbe ule ule. Polisi wa Uholanzi waliukata mtambo wake Mei 2022, katika kazi iliyoshirikisha nchi 11. Toleo la 13 la Android, lililotoka mwaka huo huo, liliifungia ruhusa hiyo kwa programu nyingi zinazotoka nje ya duka. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kufungua mipangilio iliyozuiwa, mkatie simu.

Mlango wa nne unafunguliwa na mwenyewe akiwa macho. Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa ni wa benki, anasema kuna muamala wa ajabu kwenye akaunti yako, kisha anakuomba uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuona na kuendesha kifaa cha mtu mwingine ukiwa mbali, "ili akusaidie". Programu hizo ni halali, mafundi wanazitumia kila siku, na hakuna kinga ya virusi itakayopiga kelele. Ukimsomea namba inayotokea, umempa kioo chako. Hakuna udukuzi hapo, kuna hofu iliyotumiwa haraka kabla hujapata muda wa kufikiri. Waliopatwa na hili huona aibu kunisimulia. Nawaambia kila mara kwamba hao wapigaji hufanya kazi hiyo siku nzima, na wewe ulipokea simu hiyo mara moja tu.

Ile namba ya *#21# inayosambazwa kwa madai kwamba inafichua kama simu inasikilizwa, inachofanya ni kuuliza mtandao kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Ni swali lenye maana. Ukikuta namba ngeni inapokea simu zako zote, ifute kwa ##002#, maana msimbo wa uthibitisho unaotolewa kwa simu ya sauti ungemfikia mwingine. Lakini *#62#, inayouliza simu zako zinaelekezwa wapi unapokuwa hupatikani, ikionyesha namba, mara nyingi hiyo ni ya ujumbe wa sauti wa kampuni yako ya simu. Watu wamekosa usingizi kwa jibu hilo bure.

Laini nayo huibiwa bila simu kuguswa. Mwizi anaishawishi kampuni ya simu imhamishie namba yako, na kuanzia hapo misimbo yote inakwenda kwake. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa kupitia namba yake ya simu. Dalili yake iko wazi: mtandao unapotea ghafla kwenye simu yako huku wenzako wa mtandao huo huo wakiupata. Hilo si la kusubiri kesho.

Na Pegasus, ile programu ya kijasusi ya kiwango cha serikali? Ni kweli ipo. Imetengenezwa na NSO Group ya Israeli, inayosema huwauzia serikali tu. Ilijulikana hadharani Agosti 2016, baada ya mtetezi wa haki za binadamu Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu kupokea ujumbe wenye kiungo na, badala ya kukibonyeza, akaupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2019 ilipitishwa kwenye simu ya WhatsApp ambayo mlengwa hakulazimika hata kuipokea, na watu wapatao 1,400 walilengwa. Mwaka 2021 ilipita kwenye iMessage, huduma ya ujumbe ya iPhone, bila mtu kubonyeza kitu. Kama wewe ni mwandishi wa habari, wakili wa kesi za kisiasa, mwanaharakati au mpinzani, hofu yako ina msingi. Sasisha simu siku ile ile sasisho linapotoka, washa Lockdown Mode, ulinzi mkali unaozima baadhi ya huduma za simu ili kuziba njia za mashambulizi, kama unatumia iPhone, na arifa ya Apple ya kwamba umelengwa uichukue kwa uzito wote baada ya kuhakikisha inaonekana pia ukiingia mwenyewe kwenye akaunti yako. Kwa wengine wote, silaha ghali kama hiyo haitumiki kusoma mazungumzo ya wapenzi.

Ukishapata sababu ya kushuku, mpangilio wa kazi ndio unaookoa. Tumia kifaa kingine unachokiamini, kwa sababu nywila mpya ukiiandika kwenye simu inayotazamwa umempa na hiyo. Anza na barua pepe: aliye nayo anaweza kuomba nywila mpya za mahali pengine pote. Badilisha nywila, toa vifaa vyote usivyovitambua, kagua kama barua pepe au namba ya kurejesha akaunti ni yako kweli, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu ya misimbo badala ya ujumbe mfupi. WhatsApp iwekee PIN yake. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye simu, uondoe programu, usasishe, na kama bado huna amani, uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Hatua hiyo huondoa karibu kila programu ya kijasusi ya kawaida, mradi usirejeshe programu zote za zamani kutoka kwenye nakala. Badilisha na namba ya kufungulia simu. Wengi husahau hili, na ndiyo iliyotumika mwanzo.

Ila kama unayemshuku ni mtu unayeishi naye, au anayeweza kukudhuru, usifute chochote kwanza. Programu ikizimika ghafla, yeye anajua umejua. Piga picha ya unachokiona kwa simu nyingine, zungumza na mtu unayemwamini au wanaosaidia waathirika wa ukatili wa nyumbani kwa kutumia simu isiyo yako, na upange siku.

Yule mama hatukuitoa ile tableti siku hiyo. Ilikuwa imebaki wiki mbili ahamie kwa dada yake, na hakutaka bwana yule aanze kuuliza maswali kabla. Tulimfungulia barua pepe mpya kwenye kompyuta yangu, akaiandika nywila kwenye karatasi akaikunja ndani ya viatu vya mtoto. Jioni aliyohama alinipigia, nikabaki naye kwenye simu wakati akigusa neno "ondoa".