Mfiadini ni nani hasa? Tumwangalie padri Jerzy Popiełuszko wa Poland

Ukiingia kanisani ukakuta padri kavaa nyekundu na siyo Pentekoste wala Ijumaa Kuu, mara nyingi ujue siku hiyo kuna shahidi anakumbukwa, wengine wanamwita mfiadini, ni kitu kilekile tu, mtu aliyefia dini. Shida siku hizi neno limelegea, padri akipata ajali anaenda kigangoni watu wanasema kafia dini, akivamiwa na majambazi usiku wanasema hivyohivyo. Uchungu unaeleweka lakini Kanisa likitamka neno hilo linabana sana. Kwanza mtu awe ameuawa kweli au amekufa kwa mateso aliyopewa, maana aliyefungwa akateswa akatoka mzima huyo anaitwa muungama. Pili awe amekipokea kifo, siyo kwamba alikitafuta, hapana, ila alijua kinakuja na hakuiacha njia yake. Tatu aliyeua awe ameua kwa chuki dhidi ya imani, kwa Kilatini wanasema odium fidei, na hapa kwenye la tatu ndo huwa pana ubishi wote.

Sasa chukua huyu Popiełuszko. Mtoto wa wakulima, kazaliwa 1947 kijiji cha Okopy huko mashariki mwa Poland, nchi ikiwa chini ya wakomunisti. Alipoingia seminari Warsaw haukupita muda akapelekwa jeshini, serikali ilikuwa na vikosi maalum vya waseminari ili wakitoka huko wawe wameshaachana na wazo la upadri, yeye alitoka na afya mbovu na wito uleule, akapadrishwa 1972. Hakuwa mhubiri wa kupiga kelele wala nini.

Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma pale Warsaw waligoma wakaomba padri aje awasomee misa humohumo ndani, akaenda yeye. Alisimulia baadaye kwamba alipofika getini akasikia watu wanapiga makofi, akadhani nyuma yake kuna mkubwa fulani anakuja, kumbe makofi ni yake, hakuna padri aliyewahi kukanyaga kile kiwanda kabla yake. Kuanzia hapo akawa padri wao, na Desemba 1981 serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi na kuwakamata watu wa chama cha wafanyakazi cha Solidarność, akawa anaongoza Misa kwa ajili ya nchi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kwenye parokia ya Mt. Stanislaus Kostka, watu wanajaa mpaka barabarani. Na alichokuwa anahubiri ni Warumi 12:21, uushinde ubaya kwa wema, basi. Wanausalama walikuwa wanashinda nje wakimlinda kama mwizi, na kwenye baridi ile ya Poland akawa anawapelekea chai. Mbwa wake alimpa jina Tajniak, yaani shushushu, kwa hiyo ucheshi alikuwa nao.

Vitisho vilianza mapema. Desemba 1982 nyumba yake ilirushiwa kilipuzi, mwaka uliofuata polisi wakapekua chumba chake wakakuta risasi na vilipuzi walivyoviweka wao wenyewe. Kulikuwa na wazo aende Roma kusoma kidogo mambo yapoe, hakutaka kuwaacha watu. Unaona lile sharti la pili linavyokaa hapo.

Tarehe 19 Oktoba 1984 alikuwa anatoka Bydgoszcz kuongoza rozari, usiku gari lake likasimamishwa na jamaa watatu, mmoja kavaa sare za trafiki, kumbe wote ni maofisa wa usalama. Dereva wake alifanikiwa kuruka kwenye gari likiwa kwenye mwendo akaokoka, ndo maana habari ikajulikana haraka. Padri walimpiga kwa marungu, wakamfunga kamba shingoni ikaunganishwa na miguu ili akijinyoosha inamkaba, wakamfungia mawe miguuni wakamtupa kwenye maji ya mto Vistula kule bwawa la Włocławek. Mwili ulitolewa tarehe 30. Alikuwa na miaka 37.

Wabishi wanasema hiyo ni siasa, aliuawa kwa sababu ya Solidarność na siyo kwa sababu ya Yesu. Hoja siyo ya kijinga, hata kule mahakamani Toruń, ambako wauaji na mkubwa wao walifungwa kati ya miaka 14 na 25, walijitetea kwamba padri alikuwa anachanganya dini na siasa. Ila angalia walikotoka, walikuwa idara ya nne ya wizara ya mambo ya ndani, na kazi ya idara hiyo ilikuwa kushughulika na Kanisa. Ofisi nzima ya serikali, mishahara na magari, kwa ajili ya kuchunga mapadri! Chuki dhidi ya imani haimlazimu muuaji atamke kwamba anamchukia Mungu, inatosha kwamba anachotaka kukizima ni kile mtu anachokifanya kwa sababu ya imani yake. Hata kwa mashahidi wa Uganda ukimsikiliza Kabaka Mwanga, mfalme aliyeamuru wauawe, wale vijana walikuwa wakaidi tu.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui, mfiadini hadaiwi muujiza ili atangazwe mwenyeheri, yaani hatua ya kabla ya utakatifu, kifo chenyewe kinatosha, muujiza unadaiwa kwenye hatua ya kuwa mtakatifu. Popiełuszko alitangazwa mwenyeheri tarehe 6 Juni 2010 pale Warsaw, na mama yake mzazi, Marianna, bibi anayekaribia miaka 90, alikuwepo uwanjani akishuhudia mwanae anatajwa.