Kocha mzuri haonekani msimu wa kwanza

Kuna hii imani ya miaka mingi kwenye basketi ya vyuo vya Marekani, eti kocha mzuri utamjua msimu wa kwanza au wa pili, akiburuzwa kwenye konferensi yake (kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja) basi hafai, atimuliwe. Jamani si kweli. Mcheki Mike Krzyzewski, aliyekuwa kocha wa chuo cha Duke, kafika 1980, msimu wa pili kashinda 10 kafungwa 17, wa tatu 11 kwa 17, na ndani ya konferensi ya ACC kashinda mechi 3 tu kati ya 14, halafu kwenye mashindano ya ACC 1983 chuo cha Virginia wakawatandika 109-66. Mashabiki walitaka aondoke, ila mkurugenzi wa michezo wa chuo, Tom Butters, akagoma na 1984 akamwongezea mkataba (uamuzi wa kijasiri sana ule).

Shida ni kwamba kocha mpya anarithi wachezaji wa mwenzake, inabidi asajili vijana wake, na hao vijana wanaanza kwa kukutana na wakubwa wa miaka ishirini na kitu. Vijana wa Krzyzewski, Johnny Dawkins na Mark Alarie, waliingia kwenye ule msimu mbovu wa tatu, wakafungwa mno, lakini 1986 haohao wakiwa mwaka wa mwisho wakashinda 37 wakapoteza 3 na kufika fainali ya taifa. Ubingwa wa taifa ukaja 1991, jumla Krzyzewski akachukua 5.

Hata Dean Smith, kocha nguli wa chuo cha North Carolina, miaka ya mwanzo hakukubalika, 1965 wanafunzi walitundika sanamu yake kwa hasira.