Tiketi rahisi huanzia mlangoni kwako, siyo Dar

Jirani na duka langu la stesheneri pale Mwanjelwa, Mbeya, kuna kijiwe cha kahawa ambacho kila mtu ni mtaalamu wa ndege, hasa wale ambao hawajawahi kupanda. Wakishamaliza kubishana, simu inaletwa kwangu: "Kaka, hebu nitafutie tiketi ya bei rahisi." Nimetafutia watu nauli za Guangzhou, Istanbul, Frankfurt na Toronto, na nimewapangia safari wanaotaka kuvuka mpaka wa Zambia pale Tunduma na magari yao hadi Victoria Falls. Hela zao huvuja mahali wasipopaangalia, ilhali pale wanapopalinda usiku kucha hapavuji chochote.

"Tafuta Jumanne usiku wa manane, tena ufute historia ya simu"

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote. Ya Jumanne ina asili yake: zamani, hasa Marekani, mashirika yalizoea kutoa punguzo mwanzoni mwa wiki na washindani wakajibu kesho yake. Siku hizi nauli hupakiwa kwenye mifumo mara kadhaa kwa siku, kila siku. Anayekesha Jumanne anapata usingizi wa Jumatano tu.

Na simu kukukariri ili ikupandishie bei? Kinachotokea ni hiki. Daraja la kawaida ndani ya ndege limegawanywa katika mafungu ya nauli. Kila fungu lina herufi yake, masharti yake na idadi yake ya viti. Fungu la chini likiisha, mfumo unakuonyesha linalofuata juu yake. Ukiona bei imepanda kati ya asubuhi na mchana, yupo mtu amenunua, labda yuko Mumbai na hana habari nawe. Ukikaa ukaiona imeshuka, yupo aliyeachia nafasi, au shirika limefungua tena fungu la chini.

Ukilielewa hilo utaokoa fedha za kweli. Familia ya watu wanne ikitafuta viti vinne kwa pamoja, na fungu la chini limebakiwa na viti vitatu, mifumo mingi huwapandisha wote wanne kwenye fungu la juu. Kwa hiyo tafuta kwanza kiti kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Bei ya mtu mmoja ikiruka ghafla unapoongeza idadi, umeshajua kinachoendelea: nunua vitatu kwa bei ya chini na kimoja kwa ya juu. Hasara yake ni kwamba mtakuwa na namba mbili za kuhifadhi nafasi (booking), na ratiba ikibadilika shirika halitajua kwamba ninyi ni familia moja. Wenye watoto wadogo mimi huwashauri wavumilie tu bei ya juu.

"Subiri dakika za mwisho, watashusha"

Hayo ni mawazo ya Coaster ya Tukuyu. Konda akiona siti tupu na jua linazama, anashusha. Shirika la ndege hufanya kinyume, kwa sababu linajua anayenunua tiketi siku tatu kabla ana msiba, ana mkutano, au chuo kinafungua. Huyo atalipa. Kwa safari za mbali kutoka Dar mimi huanza kuchungulia miezi mitatu hadi sita kabla, na kwa Desemba mapema zaidi, maana mwezi huo nusu ya dunia ina ndugu wa kumtembelea.

"Tiketi ya bei ya chini ndiyo safari ya bei ya chini"

Hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu Kusini tunapoumia.

Mtu anaona nauli nzuri ya Dar kwenda Ulaya, ananunua. Kisha ananunua peke yake ndege ya Songwe kwenda Dar, inayotua saa tatu kabla. Kwenye simu inaonekana imenyooka. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, ulitupunguzia sana adha ya barabara, lakini Mbeya ni Mbeya: ukungu ukiamua kulala bondeni asubuhi, ndege inasubiri Dar na wewe unasubiri na koti lako. Ukichelewa, shirika la safari ya mbali hulidai chochote. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na asiyetokea kwenye kipande cha kwanza kwa kawaida hufutiwa na vipande vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi.

Tiketi mbili zina shida nyingine tatu. Begi halipitilizi: unalichukua Dar, unalikokota hadi jengo la kimataifa, unalikabidhi upya. Uzito wa ndege za ndani mara nyingi ni mdogo kuliko wa safari za mbali, kwa hiyo kilo ambazo kule ni bure, Songwe unazilipia. Na kama tiketi mbili zinakutana ughaibuni, kulifuata begi maana yake ni kupita uhamiaji wa nchi hiyo, na hapo viza ambayo ungeikwepa kwa kupita tu inakuwa ya lazima.

Basi muulize wakala kama anaweza kukutengenezea tiketi moja inayoanzia Mbeya. Baadhi ya mashirika yana makubaliano ya kubebeana abiria, na tofauti ya bei wakati mwingine ni ndogo kuliko usiku mmoja wa gesti Dar. Ukikosa, nenda siku moja kabla. Simaanishi basi la alfajiri la kuwahi ndege ya usiku. Kutoka stendi ya Nane Nane, Mbeya, hadi ya Mbezi Luis, Dar, ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna mlima Kitonga. Lori moja likilala kwenye kona za Kitonga, wewe na tiketi yako ya dola mia nane mtakula mahindi ya kuchoma pamoja na madereva mpaka giza.

Wengine husema ni nafuu kurukia Lusaka, Lilongwe au Nairobi. Wakati mwingine ni kweli kwenye kioo cha simu. Ongeza basi, usiku wa kulala, chakula, kubadili fedha, na siku mbili za duka kufungwa, ndipo ulinganishe.

"Tiketi imeandikwa 02:40, basi ni saa mbili na dakika arobaini"

Nacheka, lakini nimeona machozi. Tiketi hufuata saa 24 zinazoanza usiku wa manane, na kila uwanja unaandikiwa saa za hapo ulipo. Hiyo 02:40 kwetu ni saa nane na dakika arobaini usiku. Tarehe ndiyo inayoua zaidi. Ndege ya 00:30 ya Ijumaa tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani uwe umefika uwanjani Alhamisi jioni. Shangazi yangu mmoja alifika Ijumaa saa tatu usiku, amevaa vizuri, na mbalaga (ndizi zetu za kupika) wa njiani amefungasha. Ndege yake ilikuwa imeshatua, imepumzika na kupakia abiria wengine. Siku hizi nikichapisha tiketi naandika juu yake kwa kalamu ya wino: "Kuwa uwanjani Alhamisi saa 3 usiku."

"Kwenda na kurudi lazima iwe mji uleule"

Wanaotaka kukodi gari nje hupoteza sana hapa. Mtu anataka kuendesha kutoka Johannesburg hadi Cape Town, kilomita zipatazo 1,400. Ananunua kwenda na kurudi Johannesburg, kisha analazimika kuirudia barabara yote. Kwenye kutafuta, chagua sehemu ya miji mingi: ingia Johannesburg, tokea Cape Town. Mara nyingi bei haipishani sana na ya kawaida, wakati tiketi mbili za kwenda tu kwa safari ndefu zinaweza kuzidi tiketi moja ya kwenda na kurudi. Uliza tu gharama ya kuliacha gari mji mwingine, maana wakodishaji huitoza. Uliza pia kuhusu kadi: wengi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili wazuie dhamana, na kadi ya mtandao wa simu iliyokufaa kununua tiketi inaweza kukataliwa kaunta.

"Napita tu, viza ya nini?"

Inategemea unapita wapi. Marekani haina utaratibu wa kupita bila kuingia: Mtanzania anayekwenda Toronto kupitia New York anahitaji viza ya Kanada na ya Marekani ya kupita. Tiketi inayopitia huko ikiwa rahisi kwa dola mia, jumlisha ada ya viza na nauli ya kwenda ubalozini Dar. Na kabla viza haijatoka usinunue tiketi isiyorudishwa. Balozi nyingi zenyewe zinakuomba uoneshe nafasi iliyoshikiliwa tu.

"Zambia na gari yangu? Lazima leseni ya kimataifa"

Hapana. Leseni ya Tanzania inatambulika katika nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na Zambia na Malawi wanaendesha kushoto kama sisi. Pasipoti yetu haihitaji viza kwa nchi hizo mbili. Leseni ya kimataifa itafute ukitoka nje ya kanda.

Kinachorudisha watu Tunduma ni karatasi za gari. Beba kadi halisi ya gari, na kama gari si lako, barua ya idhini ya mwenyewe iliyogongwa muhuri wa wakili, hata kama mwenyewe ni mkeo. Upande wetu mamlaka ya mapato (TRA) wanatoa kibali cha muda cha kulitoa, upande wa pili forodha ya Zambia wanatoa cha kuliingiza, na kuna tozo za barabara, hewa ukaa na halmashauri. Weka risiti zote mahali pamoja, utaombwa uzioneshe njiani. Vishoka watakufuata tangu unaposimamisha gari wakisema bila wao hupiti. Unapita. Tangu kituo cha pamoja kianze mwaka 2019, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja.

"Kadi ya njano ninayo"

Ipi? Ziko mbili, na mpakani nimeona watu wakitoa moja wanapoulizwa nyingine. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingi zimeandikwa kwamba zinaisha baada ya miaka 10, na wapo wanaochoma upya bure, lakini tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaihesabu kuwa ya maisha. Ya pili ni ya bima ya gari, ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huu wa bima. Unainunua kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari, ukitaja nchi unazopita: Zambia, Malawi, Zimbabwe na nyinginezo.

Haifanyi kazi ya bima kubwa. Inamlipa uliyemgonga, siyo bampa lako. Bima kubwa ya hapa nyumbani mara nyingi inaishia mpakani, hivyo omba iongezwe kwa maandishi. Na ukifika Botswana, Namibia au Afrika Kusini kadi hii haikusaidii tena.

"Kwacha ni kwacha"

Ya Zambia na ya Malawi ni fedha mbili tofauti kabisa. Zambia ilikata sifuri tatu Januari 2013, kwa hiyo kwacha yao moja inanunua kwacha nyingi za Malawi. Anayepanga mzunguko wa Kasumulu (mpaka wetu na Malawi), Karonga, Lilongwe, Lusaka, kisha Tunduma, asibadilishe zote kwa mpigo kwa kijana wa mpakani. Kwa Malawi, jaza tenki Kyela. Uhaba wa mafuta huko umejirudia miaka ya karibuni, na foleni za vituoni si za dakika.

"Lusaka ni hapo tu"

Kutoka Tunduma hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, ndefu kuliko Mbeya hadi Dar, na kwenda Livingstone penye maporomoko unaongeza karibu 480. Programu ya ramani itakupa masaa ya mtu asiyekunywa chai, asiyekutana na mashimo wala malori yasiyo na taa. Mimi nagawa: siku ya kwanza kulala Mpika, ya pili Kapiri Mposhi au Lusaka, ya tatu Livingstone. Usiku siendeshi.

Na kuna saa. Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja: ukivuka Tunduma saa nne asubuhi, Nakonde, upande wa Zambia, bado ni saa tatu. Unapokwenda unapewa saa, unaporudi unanyang'anywa, na anayerudi kuwahi ndege ya Songwe asiposhtuka ameumia. Tena simu nazo zina umbea. Nililala gesti Tunduma, karibu na mpaka, usiku simu ikadaka mnara wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa nzima. Kengele ikalia nikiwa na uhakika ni saa kumi na moja. Nilipotoka nje ilikuwa kumi na mbili kweupe na gari niliyokusudia kupanda imeshaondoka. Sasa nikilala Tunduma nazima ile ya saa kujirekebisha yenyewe, na kabla ya kupanda kitandani namuuliza wa mapokezi: "Dada, saa yako ya ukutani ni ya huku au ya ng'ambo?"