SYSTEM si mwizi: dhana potofu kuhusu ruhusa za folda

Wiki hii wamekuja watatu, wote na kilio kimoja: "Fundi, kuna mtu ameingia kwenye kompyuta yangu." Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kayole. Aliiweka laptopu kwenye meza yangu hapa Luthuli Avenue, akaiwasha, akanigeuzia kioo. Picha za wajukuu hazipo, mitihani yake ya miaka mingi haipo, na Start ukiibonyeza haifunguki.

"Kijana wangu," akasema, "kwenye orodha ya wenye ruhusa za folda nilikuta mmoja anaitwa SYSTEM na mwingine TrustedInstaller. Nikawafuta."

Kushuku hakukuwa kosa. Laptopu yake ni ex-UK, na anayenunua mashine iliyokuwa ya ofisi ya watu ng'ambo lazima ajiulize ni nani mwingine aliye na ufunguo. Lakini hao wawili si wageni. SYSTEM hana nywila, na hakuna binadamu anayeingia kwa jina hilo pale unapoandika lako. Ni jina ambalo Windows yenyewe hutumia kufanya kazi zake: kuwasha huduma, kuweka masasisho, kukuandalia dawati (desktop) unapoingia. Utambulisho wake ni S-1-5-18 katika kila kompyuta ya Windows, iwe Kayole au Tokyo. TrustedInstaller alikuja na Windows Vista. Yeye ndiye mmiliki wa faili nyingi za mfumo, na amewekwa hapo ili hata wewe mwenye akaunti ya msimamizi usifute faili la Windows kwa bahati mbaya, wala programu uliyoiruhusu isifanye hivyo kirahisi kwa jina lako.

Mpangaji akimkuta msimamizi wa ploti ana ufunguo wa chumba cha pampu, hamfukuzi. Akimfukuza, maji yatakatika kwake pia. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu: alimwondoa SYSTEM kwenye folda yake iliyo ndani ya C:\Users, Windows ikashindwa kuifungua alipoingia, ikampa dawati la muda lililo tupu. Mitihani na picha vilikuwa palepale, havijaguswa. Nilipomrudishia SYSTEM ruhusa ya folda ile na kuwasha upya, wajukuu walirudi kwenye kioo. Zile folda za mfumo alizozichezea ndizo zilizonila mchana mzima, maana hakuna kitufe kimoja cha kurudisha ruhusa zote za Windows zilivyokuwa. Ilibidi niweke Windows upya juu ya ile iliyopo, bila kufuta mafaili yake.

Wengine hawafuti mtu. Wakinyimwa folda moja, wanampa Everyone ruhusa ya Full control, yaani kufanya lolote, kwenye C: nzima. Hili linaniuma zaidi kwa sababu mara nyingi wameelekezwa na fundi mwenzangu. Everyone ni kila akaunti ya mashine hiyo, ya mtoto ikiwemo, pamoja na kila programu inayoendeshwa kwa akaunti hizo. Tatizo lilikuwa la folda moja, na sasa ni la diski nzima.

Kinachopaswa kufanywa ni kidogo sana. Ukiona jina refu linaloanza na S-1-5-21 na maneno Account Unknown, tulia. Hiyo kwa kawaida ni akaunti ya Windows ya zamani, au ya kompyuta nyingine, ambayo mashine hii haijui jina lake. Hutokea ukiweka Windows upya au ukichomeka diski ya laptopu iliyokufa. Mara nyingi kubonyeza Continue kunatosha. Kukikataa, bofya folda yako kulia, Properties, Security, Advanced. Kwenye Owner bonyeza Change, andika jina la akaunti yako, weka tiki ya kubadilisha na vilivyomo ndani, kisha ujiongezee ruhusa. Fanya hivyo kwenye folda yako ya picha au kazi. Usiguse Windows, Program Files wala mzizi wa C:.

Kuna wanaosema, "Nimeifungia kwa ruhusa, hata laptopu ikiibwa hawaoni kitu." Wataona. Mwizi akiing'oa diski na kuichomeka kwake, yeye ndiye msimamizi pale, na ataikabidhi folda kwa akaunti yake kwa hatua zilezile nilizokupa. Kinachozuia hilo ni usimbaji, yaani kuyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo, kama BitLocker ya Windows. Ukiuwasha, andika ule ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 kwenye karatasi na uuweke mbali na laptopu, kwa sababu ukipotea hata mimi sina la kukusaidia.

Mzazi aliyeweka Deny (kataza) kwa Everyone ili watoto wasifungue folda alijifungia na yeye, kwani naye yumo ndani ya Everyone. Mpe mtoto akaunti yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Folda zako za C:\Users hatazifungua, bila Deny yoyote.

Na ile akaunti iliyojengwa ndani, Administrator, ambayo watu huiwasha wakidhani itawapa nguvu zote: kwa kawaida huja imezimwa, na ina sababu. Ukiitumia, Windows haikuulizi chochote kabla ya programu kupewa mamlaka kamili, na bado TrustedInstaller atakukatalia mafaili yake. Kubadilisha jina lake hakuifichi, kwa kuwa utambulisho wake huishia na 500 daima. Kama uliiwasha, hakikisha kwanza una akaunti nyingine ya msimamizi, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike net user administrator /active:no.