Je, wajua kwa nini mkoba wa ngozi uliofuliwa hukakamaa kama ubao?

Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Soko hilo la Kisumu hufurika watu tangu asubuhi, na upande wa mitumba utakuta turubai limetandazwa chini, mikoba imemwagwa lundo, muuzaji akiinua mmoja baada ya mwingine. "Kastama, shika huu uone, ni ngozi kabisa!" Ukibahatika, kweli ni ngozi. Ni mzito, rangi imepauka, mkanda umeshika weusi wa jasho la mikono, na ndani una uvundo wa kufungiwa kwenye robota kwa miezi. Kwa sababu ya uchafu huo bei inateremka.

Mnunuzi anafika nyumbani, anausugua kwa sabuni ya kipande, anauanika kwenye kamba jua la saa sita. Jioni anakuta umekakamaa. Akijaribu kukunja kifuniko, kinaanza kupasuka palepale kwenye mkunjo. Jirani anampa pole na kumwambia lile ambalo wengi wetu tumelisikia: ngozi haiguswi na maji.

Maji yanasingiziwa. Ngozi hutengenezwa majini tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Ikifika kiwandani hulowekwa, huondolewa manyoya ikiwa imelowa, kisha huzungushwa ndani ya mapipa makubwa yenye maji na dawa ya kuidabaghi, yaani kuifanya isioze. Dawa hiyo inaweza kuwa chumvi za madini ya kromu, ambazo ndizo zinazotumika kwa sehemu kubwa ya ngozi duniani leo, au tanini inayotolewa kwenye magome ya miti. Watu wa Eldoret wanaijua hadithi ya tanini vizuri, maana kwa miaka mingi miwati ilipandwa Uasin Gishu ili magome yake yakamuliwe dawa hiyo hiyo ya ngozi. Hata ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ambayo mafundi wa Kisumu huishonea pochi na viatu, hupitia majini kwanza. Kitu kilichokaa majini siku kadhaa wakati wa kutengenezwa hakiwezi kuuawa na dakika kumi za beseni.

Basi kinachoua ni nini? Itazame ngozi kwa karibu, pale kwenye ukingo uliokatwa ambao haukupakwa rangi. Utaona nyuzinyuzi ndogo zilizosokotana bila mpangilio. Hizo ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ileile iliyoshikilia mwili wa ng'ombe akiwa hai. Ngozi hukunjika kwa sababu nyuzi hizo huteleza, moja ikipita kando ya nyingine. Na hazitelezi zenyewe. Baada ya kuidabaghi, kiwanda huilisha ngozi mafuta ingali na unyevu, yakapenya na kuvika kila uzi. Mafuta hayo ndiyo ulaini wote tunaousifu tukishika mkoba mzuri.

Sasa fikiria yanayotokea beseni na kamba zikikutana. Sabuni kali inayaosha mafuta yale. Maji yanaingia na kuzitanua nyuzi. Jua linayanyonya maji kwa haraka, na yanapotoka huzivuta nyuzi zikaribiane. Kama kati yake hakuna mafuta ya kuzitenganisha, zinagusana na kushikana, uzi kwa uzi, katika mkoba mzima. Huo ndio ukakamavu. Ukiulazimisha mkoba huo kukunjika, nyuzi zilizoshikana haziwezi tena kuteleza, kwa hiyo zinakatika. Nyufa unazoziona ni nyuzi zilizokatika, na hakuna mafuta yatakayoziunga tena. Ndiyo maana mkoba uliokauka haukunjwi hata kidogo kabla haujarudishiwa mafuta.

Joto lina ubaya wake mwingine. Ngozi iliyolowa ikipashwa kupita kiasi, kolajeni yake husinyaa na haitanuki tena. Ngozi mbichi husinyaa kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 hivi, iliyodabaghiwa kwa magome kati ya 70 na 85, na ya kromu huweza kuvumilia hadi karibu na 100. Maji ya moto ya chai yanatosha kuiharibu ngozi ya kwanza na ya pili. Mabati ya paa saa saba mchana nayo si mahali pa kujaribu bahati.

Na kwa nini sabuni ya kipande hasa? Kwa sababu ngozi ina asidi kidogo, kwa kipimo cha pH, ambacho chini ya 7 ni asidi, ni kama 3.5 hadi 5, ilhali sabuni ya kipande huwa 9 au 10. Ukali huo huziumua nyuzi, hulegeza dawa ya kudabaghia na kuyaondoa mafuta. Shampuu ya nywele ni rafiki zaidi, maana nywele nazo ni protini na watengenezaji huipunguzia ukali. Sabuni ya maji ya vyombo isiyo kali pia yafaa, matone mawili matatu tu kwenye beseni zima.

Lakini kabla ya beseni, hakikisha ulichonunua ni ngozi. Mikoba mingi inayoitwa ngozi sokoni ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya poliyurethani. Unyevu na joto huivunjavunja plastiki hiyo polepole hata ikiwa imehifadhiwa kabatini, na hewa ya ziwa ina vyote viwili. Siku moja unaushika, maganda yanabaki mkononi. Huo hauna tiba, haidhuru upakwe nini, kwa sababu hauna nyuzi za kunywa mafuta. Pindua mkanda uangalie upande wa ndani au ukingo: ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo si ngozi. Ukiona manyoyamanyoya yaliyosokotana, endelea. Ngozi ya manyoyamanyoya kwa nje, ile laini ya kupapasa, nayo usiiloweke. Ipige brashi kavu tu.

Sokoni hupatikana pia mikoba ambayo kuoshwa inakubali kabisa, nayo inastahili kutafutwa. Mfano mzuri ni mikoba ya zamani ya Coach, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1941. Mwaka 1962 ilimwajiri mbunifu Bonnie Cashin, naye ndiye aliyeleta kile kifungo cha shaba cha kuzungusha, wazo alilolichukua kwenye vifungo vya paa la gari lake. Mikoba ile ilishonwa kwa ngozi nene ya ng'ombe ambayo uso wake haukufunikwa kwa tabaka zito la rangi, na mingi haina kitambaa ndani. Haina kadibodi, haina sponji. Ndiyo sababu wapenzi wake huizamisha majini mzimamzima na ikatoka salama. Mkoba wenye kitambaa ndani, kadibodi kwenye kitako na gundi kila mahali usiuzamishe. Vuta kitambaa nje ukisafishe peke yake, kisha upanguse ngozi kwa kitambaa chenye unyevu.

Anza kwa kujaribu mahali pa kujificha. Lowesha kitambaa cheupe, usugue chini ya kifuniko. Kikitoka na rangi nyingi, mkoba huo ni wa kupangusa, si wa kuloweka. Kama ni salama, tia maji ya uvuguvugu usiozidi joto la mkono na shampuu kidogo, uzamishe wote kwa pamoja. Ukilowesha sehemu moja tu, maji yatasukuma uchafu hadi ukingoni na kuacha alama ya duara. Tumia sponji laini. Mswaki mkuukuu uende kwenye mishono tu. Maji yatageuka ya kahawia na utashtuka, lakini kwa kawaida ni uchafu wa miaka na rangi kidogo iliyolegea. Suuza, kamua kwa taulo bila kupinda, kisha jaza ndani fulana nyeupe kuukuu ili umbo lirudi. Magazeti usitumie, wino wake huhama.

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wengi hukosa subira. Uweke kivulini penye upepo, siku mbili au tatu. Ukiwa bado na unyevu kidogo, ukiugusa shavuni unahisi ubaridi, paka mafuta ya kulainisha ngozi kwa kidole, tabaka jembamba sana. Unyevu ule unaziacha nyuzi zimeachana, kwa hiyo mafuta hupata njia ya kuingia na kuchukua nafasi ya maji. Kesho yake paka tena. Ukiona yanabaki juu bila kunywewa, umefika, acha.

Mafuta gani? Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ndiyo bora, na kopo moja hukaa muda mrefu. Mafuta ya kupikia siyapendekezi hata kidogo: huungana na hewa, yakachacha, yakanata na kunuka. Mafuta ya nazi yana kisa chake. Huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi. Kisumu, mchana, yatakuwa maji na mkoba utapendeza. Upeleke Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, ambako usiku wa Julai joto hushuka karibu na 10, na asubuhi utaukuta umetoka unga mweupe juu. Watu hudhani ni kuvu, wakauosha upya bure. Puliza hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kutoka mbali kidogo: unga ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta, ukibaki, ni kuvu.

Kuvu halisi hufutwa kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, ili mbegu zake zisitawanyike chumbani, kisha ngozi hupanguswa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Siki ina asidi, kwa hiyo haigombani na ngozi. Harufu ndiyo inayochelewa kuondoka. Funga mkoba ndani ya ndoo yenye kifuniko pamoja na makaa makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, uuache wiki nzima, badilisha makaa, rudia. Kunyunyizia marashi ni kuongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Rangi ya viatu ya kopo ninaiogopa kwenye mikoba. Ni nta yenye rangi, na kiatu hakigusani na blauzi yako siku nzima, mkoba unagusana. Ukitaka kung'arisha, tumia ile isiyo na rangi, kidogo, baada ya mafuta kunywewa.

Vile vipande vya shaba navyo huwa na utando wa kijani unaofanana na nta pale vinapokutana na ngozi. Ni mafuta ya ngozi yaliyoungana na shaba iliyomo ndani ya kipande hicho. Ng'oa utando kwa kijiti cha meno, malizia kwa ndimu na chumvi kwenye pamba, ukiikinga ngozi isilowe. Ili kujua kama ni shaba au chuma kilichopakwa, leta sumaku: shaba haivutwi. Na chuma kina hatari yake. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu huzaa doa jeusi lisilotoka, kwa hiyo usisugue ngozi ya magome kwa sufi ya chuma, wala usitundike mkoba wenye unyevu kwenye msumari wenye kutu.

Kuna mkoba mmoja ambao nakushauri uurudishe kwenye turubai hata kama muuzaji ameshusha bei hadi mwisho. Papasa sehemu iliyochakaa kisha tazama kidole. Ukiona unga mwekundu wa kahawia, nyuzi zenyewe zimeoza kwa asidi. Huo ni ugonjwa wa ngozi kuukuu za magome, na ukiutia majini utageuka mweusi na kuvunjika. Mishono iliyofumuka isikutishe, fundi viatu ataishona kwa uzi wa nailoni. Doa la kalamu pia unaweza kuishi nalo. Na mvua za Machi hadi Mei zikianza, usiuvike mfuko wa plastiki. Uweke ndani ya foronya ya pamba, kwenye rafu inayopata hewa, na kila wiki chache uutoe, uufungue na kuupangusa.