Muunganiko wa mitaa ni nini, na kwanini Goba sio Kariakoo

Ukiwa Kariakoo, uko Mtaa wa Sikukuu unataka kutokea Msimbazi, ukikuta lori linashusha mzigo limeziba njia wala huhangaiki, unakata kona, unashika mtaa wa pili, unatokea, maana kule kila hatua chache kuna njia panda na kila mtaa unatoboa kwenda mwingine. Hiyo ndo inaitwa muunganiko wa mitaa. Sio upana wa barabara wala lami. Ni kwamba ukifika kwenye makutano una njia ngapi za kuchagua, na unazunguka kiasi gani kufika sehemu ambayo kwa kunyoosha ni karibu tu.

Sasa njoo huku kwetu Goba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Jirani yangu wa nyuma paa lake naliona kutoka jikoni, tukiitana tunasikizana kabisa, ila nikitaka kwenda kwake na bodaboda inabidi nitoke mpaka barabara kubwa, niende mbele, halafu niingie tena ndani, karibu kilomita mbili, kwasababu kati yetu kuna korongo na njia zetu zote zinaishia getini kwa mtu. Wataalam nao wanapima hivyohivyo, wanahesabu makutano ya njia 4, ya njia 3, na njia zinazoishia hapohapo. Hizo za mwisho zikizidi, mji unatawanyika hata kama nyumba zimebanana.

Imekuwaje hivi? Mwaka 1967 jiji la Dar lilikuwa na watu kama 270,000, sensa ya 2022 ikakuta mkoa una zaidi ya milioni 5.3. Watu wakafuata barabara kubwa nne, Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na katikati yake kulikuwa mashamba. Mwenye shamba anakata kipande anauza, mwakani anakata kingine, kila mnunuzi anaachiwa kanjia ka kuingilia kwake tu, hakuna anayewaza kakutane na ka shamba la jirani. Sinza viwanja vilipimwa miaka ya 1970 kabla watu hawajajaa, ndo maana mpaka leo ukikosea kona unapata nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba hubadilika ila njia hazibadiliki. Kariakoo nyumba za Kiswahili zimevunjwa zimekuwa ghorofa, mitaa ni ileile. Huku kwetu mtu akishajenga ukuta, kutoboa njia ni kulipa fidia na kuvunja. Lami ya kutoka Mbezi Mwisho kupita Goba mpaka Tangi Bovu imetusaidia sana, kweli kabisa, lakini vichochoro vyote vinamwagika humohumo, gari moja likiharibika kilimani tumekwama wote, mgonjwa na mwanafunzi.

Na huko Chanika na Kibaha mashamba yanakatwa sasa hivi tunavyoongea, wanunuzi wanauliza umeme umefika, maji yapo, ni wachache sana wanaouliza hii njia inatokea wapi.